Mlango Hadi Mlango

"Huo ubao wako unadanganya watu, bosi," alisema shemeji yangu. "Tena unawadanganya kwa rangi ya mafuta, haifutiki."

Bosi ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye stuli, brashi mkononi, tai ameitupa begani isichafuke. Ubao ulikuwa mpya, umepigiliwa juu ya benchi la abiria, na mwandiko ulikuwa mzuri, hapo simnyimi haki yake. Uliandikwa: UMBALI KILOMITA 240. MUDA WA SAFARI DAKIKA 48. Mimi nilikuwa nyuma ya meza yangu ya chai pale pembeni, nakausha vikombe, na nilijua kabisa kwamba hapo hakuna atakayekunywa kitu mpaka hao wawili wamalizane.

Bosi aliuliza uongo uko wapi. Ndege inaacha ardhi hapa, inagusa ardhi kule, hesabu ni arobaini na nane, kitabu cha rubani kinasema hivyo na redio inasema hivyo. Shemeji akamjibu kwamba hiyo ni safari ya matairi. Abiria hasafiri kwenye tairi. Abiria anafungiwa mlango hapa na anafunguliwa mlango kule, na kati ya hapo hana pa kwenda, kwa hiyo safari yake ni mlango hadi mlango, na hiyo haijawahi kuwa arobaini na nane tangu uwanja huu uzungushiwe waya. Ni sitini na sita kwa wastani. Siku ya upepo ni sabini na kitu.

"Sasa injini inaponguruma tu pale chini, na hiyo nayo tuiite safari?" bosi aliuliza.

"Kaa humo ndani na mtoto anayelia, utaipa jina mwenyewe."

Abiria wakacheka. Bosi hakucheka. Alikuwa kijana aliyetoka kwenye uwanja mkubwa wenye ngazi za umeme, na kuchekwa na watu waliokalia mabegi yao hakukuwa kwenye mipango yake ya maisha. Akamwambia shemeji arudi kwenye mizani yake, ubao hauondoki.

Shemeji yangu huyo, mume wa dada yangu, hakuna aliyemwita kwa jina lake pale uwanjani. Walimwita Dakika. Kazi yake ilikuwa kupima. Kwenye viwanja vikubwa wanapima mabegi tu, lakini ndege yetu ni ya viti kumi na viwili na injini moja, na ndege ya namna hiyo inataka kujua kila kilichopanda: begi, kiatu, chupa ya maji, na wewe mwenyewe. Unapanda kwenye mizani mbele ya watu kama gunia la mahindi. Dakika alikuwa na adabu yake katika hilo. Uzito wa mtu hakuutamka, ila mara moja tu. Aliutazama, akauandika, akasema "asante, mwingine." Wanawake tulimpenda kwa jambo hilo moja, maana mengine yalikuwa magumu kupendeka. Alimpima rubani na chupa yake ya chai. Alimshushia mkubwa mmoja masanduku mawili kati ya matatu, na mkubwa huyo alipouliza kama anajua anaongea na nani, alimwambia anajua, anaongea na kilo mia moja na nne.

Akishamaliza kupima, yeye ndiye aliyeufunga mlango wa ndege, yeye ndiye aliyeondoa magogo kwenye matairi. Na hapo ndipo ulipokuwa ule ugonjwa wake uliompa jina. Kule upande wa pili kulikuwa na mpimaji mwenzake, mtu ambaye hawakuwahi kuonana, sauti tu ndani ya redio. Kila mara bosi alipotangaza redioni kwamba ndege imeruka, na kule wakajibu kwamba imetua, hao wawili walingoja wakubwa wanyamaze, halafu wakapeana habari zao wenyewe. "Umefungwa saa tatu na tano." "Umefunguliwa saa nne na kumi na mbili." Basi. Hakuna habari za nyumbani, hakuna hali ya hewa. Miaka ishirini na miwili, mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Dakika aliziandika zote kwenye madaftari ya shule, na dada yangu aliyapanga chini ya kitanda na kuniambia kwamba wanaume wengine wana wanawake wa nje, wa kwake ana mlango.

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Mfanyakazi ana haki ya kiti cha bure mara moja kwa mwaka, na viti ishirini na viwili vilimpita akiviangalia. Nilimuuliza sababu. Akasema, nani atanipima? Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa hamwamini mtu mwingine na ile mizani.

Ubao ulipigiliwa Ijumaa. Jumapili dada yangu alizidiwa.

Alikuwa na kikohozi cha wiki kadhaa, tumekizoea kama watu wanavyozoea mlango unaolia. Jumapili hakuweza kulala chali. Jumatatu asubuhi tulimfikisha zahanati, midomo imegeuka rangi ya jivu, na daktari akasema pafu moja limejaa maji na la pili linafuata. Akamwekea oksijeni, ikamtuliza, lakini maji yenyewe hawakuwa na mtu wa kuyatoa. Mtu huyo yuko kwenye hospitali kubwa, upande wa pili wa ndege. Kwa barabara ni kilomita mia tano na tisini, maana barabara haiwezi kupita juu ya mlima, inauzunguka, halafu inautafuta mto mahali penye daraja. Saa kumi na nne pakiwa pakavu. Daktari hakutuficha. Alisema kwa gari hafiki.

Kwa hiyo ilikuwa ndege ya Jumanne, viti viwili, chake na cha nesi. Dakika alikuja kazini kama kawaida, shati limepigwa pasi. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua, bosi alijua kwa sababu zahanati ilimpigia simu, na wengine waliona tu mzee mmoja mkali anapima mabegi kwa ukimya zaidi kuliko siku zote.

Gari la wagonjwa liliingia mpaka karibu na ndege. Dada aliketi ndani, barakoa usoni, mtungi wa oksijeni wa gari pembeni yake, na nesi akashuka na mtungi mdogo wa chuma wa kusafiria ili upimwe. Kilo kumi na moja. Dakika aliandika, halafu akauliza unakaa muda gani.

"Saa moja," nesi alisema. "Huko juu hatakiwi kukaa bila hewa hata dakika tano. Lakini tuko salama. Jana nilimuuliza bosi wako, akasema arobaini na nane."

Kalamu ya Dakika ilisimama. Mimi nilikuwa naleta chai ya rubani, na nilimwona akigeuza shingo taratibu kuutazama ule ubao kupitia mlangoni. Sikuwahi kumwona mtu akiwa na haki akaonekana amepigwa hivyo.

Akamwambia nesi kwamba mtungi utaisha ndege bado iko angani, au iko chini inatembea na mlango umefungwa, maana mlango haufunguliwi mpaka lile panga la mbele linalozunguka lisimame kabisa. Sitini na sita, alisema. Leo kuna upepo wa mbele, tuseme sabini. Nesi akamtazama bosi. Nakiri kwamba bosi hakubisha. Rubani alipoulizwa alipiga hesabu kwa vidole, injini kupata moto, kutembea mpaka mwisho wa uwanja, kuzunguka kule kuangalia kama kuna ng'ombe njiani, akasema ndiyo, Dakika anasema kweli, sisi tunahesabu matairi.

Mtungi wa pili wa namna hiyo ulikuwepo, ndani ya gari, ulikuwa urudi zahanati. Tatizo halikuwa mtungi. Tatizo lilikuwa kwamba ndege ilikuwa imejaa, na kwenye karatasi ya Dakika zilibaki kilo mbili.

Kilo mbili, na mtungi una kumi na moja. Tisa zimezidi. Rubani akakuna kidevu na kumwambia afumbe macho, kilo tisa ni nini, amewahi kuruka na zaidi ya hizo huko alikotoka. Bosi naye akasema kwa sauti ya chini aandike tu. Wote walikuwa wanamtazama mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na mke wake ndani ya gari hatua kumi kutoka hapo, na kalamu ni yake.

Mimi ningeandika. Sitajifanya mwema hapa. Ni dada yangu, tumenyonya titi moja, ningeandika mtungi una kilo mbili na ningelala usingizi.

"Siandiki," Dakika alisema. "Ndege ikizidiwa, na yeye atakuwa humo humo."

Akatoka na karatasi yake akaenda kwenye benchi la abiria. Akawaambia kuna mgonjwa, kuna mtungi, zinatakiwa kilo tisa. Ungewaona watu walivyoyakumbatia mabegi. Mmoja alikuwa na boksi lakini boksi lilikuwa la ofisi. Mwingine alikuwa na dawa za mifugo zinazotakiwa leo leo. Bibi mmoja alitoa kanga mbili na jozi ya viatu, kilo moja na nusu, Mungu ambariki. Wengine walitazama saa.

Mwisho wa benchi alikaa fundi cherehani mmoja, mama mpana wa kifua, ulimi kama mkasi wake, na miguuni pake kulikuwa na kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kimefungwa kwenye shuka. Kilo kumi na tatu. Alikuwa amekitafuta mwaka mzima, na kule kwake shule inafunguliwa Jumatatu, amepokea kazi ya sare za darasa zima. Alimsikiliza Dakika mpaka mwisho.

"Jumatatu watoto wavae nini?" alimuuliza. "Hizo namba zako?"

Dakika aliikunja karatasi yake.

"Nani mgonjwa?"

"Mke wangu."

Fundi akakisukuma kile kichwa kwa mguu mpaka mbele ya viatu vya Dakika.

"Utaniletea lini?"

"Ijumaa."

"Atakayeleta nani? Nisije nikaambiwa kimepotea njiani."

"Mimi," alisema. Na mimi niliyekuwa nimesimama na chai iliyopoa nilijua kwamba neno hilo limemtoka kabla hajalifikiria.

Walimpandisha dada. Dakika alimfunga mkanda mwenyewe, akaweka mitungi yote miwili pale nesi anapofika bila kunyoosha mkono. Dada alishusha barakoa kidogo akamwambia asisahau kumwagilia mchicha. Wallahi, hayo ndiyo aliyoyasema. Kisha Dakika akaufunga mlango, akaupiga kofi mara moja kama anavyofanya siku zote, akaondoa magogo. Saa tatu na dakika kumi na mbili.

Nimeziona ndege zikiruka pale miaka kumi na moja, nauza chai, sizitazami tena. Ile niliitazama. Ilifika mwisho wa uwanja, ikageuka, ikaja kwa kelele, na kile kitu chote, chuma na mafuta na bibi wa kanga na dada yangu na pumzi yake ndani ya chupa, kikaachana na ardhi kama kinavyoachana kitu kisicho na uzito wowote. Na kila gramu yake imeandikwa kwenye karatasi mkononi mwa mtu huyu. Nilifikiria jinsi nilivyokuwa nampigia kelele juu ya madaftari.

Dakika aliingia ofisini akakaa juu ya mizani, maana viti vilikuwa viwili na bosi alikuwa kwenye kimoja na redio kwenye kingine. Mshale ukaenda sabini na moja ukatulia. Mimi niliwamiminia chai na hawakuinywa. Ilipofika dakika ya arobaini na nane bosi aliitazama redio, redio haikusema kitu. Hamsini na tano. Kule upande wa pili wakaita, ndege imeonekana, inazunguka, kuna ng'ombe uwanjani. Sitini. Sitini ilipita nikaisikia kwenye meno. Sitini na nne, imetua.

Bosi akashusha pumzi akataka kucheka. Dakika akainua mkono, bado. Sitini na tano, sita, saba. Nje kulikuwa na kuku anakwaruza bati.

Halafu ile sauti, ambayo miaka ishirini na miwili haikuwahi kuongeza neno: "Umefunguliwa saa nne na ishirini na moja. Ndugu yangu, mama anapumua. Nesi anasema wa kwanza uliisha wakiwa juu ya mto."

Dakika sitini na tisa. Dakika alisema asante, akaandika, akatoka nje nyuma ya tangi la maji, na sisi tukamwacha huko.

Aliporudi, bosi alikuwa juu ya stuli na brashi yake. Chini ya arobaini na nane alikuwa ameongeza mstari: MLANGO HADI MLANGO, SAA MOJA NA ZAIDI. Mwandiko haukuwa mzuri safari hii, ulikuwa unapanda mlima.

Dada alitolewa maji usiku ule ule, wakampigia simu Dakika kuwa ameomba uji na amekemea mtu. Tukajua atapona. Ijumaa ikafika, na Dakika akaja na shati la sikukuu na kile kichwa cha cherehani begani, na mimi nikaja na begi langu, maana dada alihitaji mtu wa kukaa naye.

Bosi alitupima. Mimi nilipanda, akafungua mdomo kutamka, Dakika akamkoholea, akaandika bila kutamka. Halafu akapanda Dakika. Sabini na moja. Akashuka, akaomba apimwe tena. Sabini na moja. Akauliza kama mshale ulianzia sifuri. Bosi akamwambia, "Mzee, panda ndege."

Alikaa dirishani. Cherehani ilikuwa imefungwa kamba nyuma yetu na aligeuka kuiangalia mara tatu kabla hatujatoka. Tulipoachana na ardhi nilimshika mkono bila kuuliza, nikafumba macho. Nilipoyafumbua meza yangu ya chai ilikuwa ndogo kuliko kiberiti, na bati za mji wetu zilikuwa zinang'aa kama mtu amemwaga sindano.

Ile barabara nimeipita mara mbili maishani, na mara zote mbili nilifika nimevimba miguu. Nikaiona yote. Ilitoka mjini, ikaenda kushoto, ikauzunguka mlima kama inayoomba samahani, ikapotea, ikarudi mbali kabisa nyembamba kama uzi, na juu yake basi moja na vumbi lake, halisogei. Saa kumi na nne za watu, za watoto na kuku na kutapika, zote zimelala chini ya dirisha moja. Mlima tuliupita juu. Una ziwa kileleni, dogo, jeusi, sijawahi kusikia mtu akilitaja. Mashamba yalikuwa vipande vipande na kwenye kila kipande kuna nyumba, na kwenye kila nyumba, nilifikiria, kuna mtu anayeitwa shemeji.

Dakika alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo. Nikasubiri aniambie dakika ngapi.

"Kumbe ni mbali, shemeji," alisema.

Nikamwambia mbali wapi, si tunafika sasa hivi.

"Mbali sana. Mimi nilikuwa nafunga mlango, naandika namba, nakwenda kula. Sikujua ndani ya hizo dakika mna vitu vyote hivi."

Tulipovuka mto, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, alivua kofia. Nilijua anawaza mtungi wa kwanza uliishia hapa, juu ya maji haya.

Panga liliposimama mlango ulifunguliwa na mtu mfupi, mnene, mwenye ile sauti. Walitazamana.

"Nilijua wewe ni mrefu," Dakika alisema.

"Na mimi nilijua wewe ni mzee zaidi," mwenzake akajibu, na akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuachia upesi. Nyuma yao abiria walianza kulalamika.

Mimi nilitaka twende hospitali moja kwa moja. Dakika akasema anaanza na cherehani, ni njiani. Haikuwa njiani. Lakini hatukuhitaji kwenda, kwa sababu fundi alikuwa amesimama getini tayari, kaptula tatu za shule zimening'inia begani, vidole vyake vitatu vimefungwa plasta. Alikuwa ameshona kwa mkono tangu Jumanne. Akaniambia dada yangu alimkandamiza mkono njia nzima mpaka pete ikamwingia, kisha akageuka kwa Dakika na kumwambia ateremshe.

Dakika aliteremsha mzigo kwenye zege taratibu kama anateremsha yai. Fundi akafungua shuka, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akainama kusikiliza sindano ikipanda na kushuka. Akazungusha tena. Dakika alisimama akingoja, kofia mkononi, kama mtu anayepimwa.

"Haina hata mkwaruzo," fundi alisema. Akaifunga shuka, akaiinua kichwani peke yake. "Haya baba, tumemalizana. Nenda kwa mkeo, usinisimamie hapa."